Simu Iliyobisha Hodi Buhinyuza

Mwanangu Husni hapendi ukuta uonekane. Ukiingia dukani kwake hapa Nyamugari, Gitega, vitenge vinaning'inia toka juu mpaka chini, kandambili zimefungwa kwa kamba mlangoni, sufuria zimepandiana, na we mteja unapita kwa ubavu kama unapita kwenye migomba iliyosongamana. Anasema duka ambalo ukuta wake unaonekana ni duka linalokufa. Watu wakiona nafasi tupu wanasema jamaa amefilisika. Mi simlaumu, ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha.

Basi yeye na wafanyabiashara wenzake walipotengeneza soko la kwenye simu, wakaliita Soko Zima, na Husni akalipanga vilevile. Ukilifungua kila kitu kinakurukia. Juu kuna utepe mwekundu unakimbia ukisema promo, promo. Chini yake viatu vinawaka na kuzimika. Kando kuna gurudumu la bahati linazunguka lenyewe, hakuna aliyeligusa. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa, tena rangi ya majivu. Na pembeni kabisa kuna kigari chenye magurudumu.

Hicho kigari kilitusumbua. Wanawake wa Itaba na Nyarusange wanaouza pamoja nasi walidhani ni cha kusukumia mtoto, wakakiacha, maana kwetu mtoto anabebwa mgongoni. Mi nilidhani ni kitanda cha hospitali. Nikamuuliza Husni.

"Mama, hapo mteja anaweka vitu anavyonunua."

"Umeona wapi Gitega mtu ananunua mihogo akisukuma kigari?"

"Duniani kote iko hivyo, mama."

"Bon. Basi wauzie watu wa dunia kote."

Lakini nilijaribu. Shule nilisoma miaka michache tu, ninasoma taratibu, herufi moja moja mpaka neno lifike. Siku moja vile viatu vinavyowaka vikanichosha macho, nikavibonyeza nivizime. Kesho yake Husni akaniletea viatu vya kiume nyumbani, vimefungwa kwenye karatasi nzuri. "Mama, we ndiye umetuma hii komande?" Nikamwambia nilikuwa ninazima taa. Viatu hivyo sasa anavaa jirani yetu Athumani, anavipenda sana.

Kwangu ilikuwa kichekesho. Kwa Kasilda haikuwa.

Kasilda ni rafiki yangu wa Buhinyuza, kule Muyinga karibu na mpaka. Alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akaolewa hukohuko na Nazario, kisha wakarudi kulima ardhi ya wazee wao. Yeye ni Mkristo, mi ni Mwislamu, na tumeunganishwa na vikapu. Anasuka vile vyenye kifuniko kirefu kilichochongoka, agaseke, vya kupelekea zawadi harusini, na mi kwa miaka mingi nimekuwa nikiviuza kwenye meza yangu sokoni. Kiswahili chake ni kama cha redio. Kila nikifungua mdomo ananicheka.

"Mama Husni, kwako kila kitu iko. Mtu iko, mbuzi iko, mvua iko."

"Na we hujakosa kunielewa hata siku moja, Mama Upendo."

Soko Zima lilipoanza, yeye na wenzake wa Buhinyuza waliingiza vikapu vyao humo kupitia simu yake. Komande, yaani maagizo ya wateja, zilikuwa zikijibiwa na binti yake Upendo. Upendo akaolewa, akamfuata mumewe huko Rutana, simu ikabaki kwa mama. Na Kasilda ana ukungu machoni. Daktari amesema atampasua, anangoja zamu yake. Kusuka anaweza, vidole vyake vinajua njia. Lakini kwenye ule utepe unaokimbia na yale mayai ya chawa aliona moshi mtupu. Komande zikawa zinaingia, hakuna anayejibu. Watu wa Gitega wakaanza kulalamika.

Husni akaniambia tukiwa tunakula, "Mwezi huu ukiisha ninafuta Buhinyuza kwenye Soko Zima. Mteja akibisha dukani asijibiwe, harudi tena."

"Na Mama Upendo atauza wapi?"

"Alete sokoni kama zamani."

"Kwa gari gani? Mafuta yenyewe yanatafutwa kama dawa. Na kwa macho gani?"

Akavuta sahani yake. Husni si mtu mbaya. Ni mtu wa kujaza tu.

Aliyejibu ni Layla, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Huyu alisomea mambo ya kompyuta Bujumbura na anafanya kazi hiyohiyo kwa mjomba wake. Akaosha mikono, akasema polepole, "Mjomba, kosa si la wale wamama. Kosa iko kwetu. Mi nipe nafasi nilipange upya."

"Upange nini? Kila kitu kimo."

"Ndiyo shida yenyewe. Kila kitu kimo."

Nikamtazama Layla anavyofanya kazi, nikashangaa, maana nilidhani atajifungia na kompyuta. Hapana. Alichukua simu akaenda Itaba, akaenda Nyarusange, akakaa kwenye mikeka na wanawake. Anampa mama simu, anamwambia, "Nitafutie mteja wako humo," kisha ananyamaza. Mama anahangaika, yeye kimya. Mi nikamwambia, mtoto, msaidie basi, huoni anatoka jasho? Akaninong'oneza, "Bibi, nikimwonyesha pa kubonyeza, atakuwa amejifunza yeye. Mi sitajifunza kitu." Alikuwa anaangalia vidole. Vinaenda wapi kwanza, vinakwama wapi, vinarudi wapi. Alikuwa na subira mtoto yule, na subira hiyo ninajua imetoka kwa nani.

Alipomaliza akaniletea ukurasa mpya. Nikadhani simu imeharibika. Ulikuwa mweupe. Katikati kulikuwa na mlango mmoja mkubwa, wa buluu iliyoiva kama kanga mpya. Chini yake kikapu, kile cha kubeba kichwani, si kigari. Na chini kabisa mdomo.

"Mlango ni wa mteja," Layla akanieleza. "Akija, unagusa, umemfungulia. Kikapu ni bidhaa zako. Mdomo ni wa kusema, kwa yule asiyeandika. Nimeweka rangi nzito juu ya nyeupe kwa sababu mwenye ukungu anaona kitu kizito. Na nimeukuza mlango kwa sababu kidole cha mtu anayelima si kidole cha karani. Halafu ukurasa ni mwepesi. Hata rezo, huu mtandao wa simu, ikiwa mbaya, unafika."

"Na vitu vya mjomba wako viko wapi?"

"Nyuma. Mtu akiuliza anapelekwa."

Husni alipouona akaigeuza simu juu chini, kama kuna kitu kitaanguka.

"Layla, umeniibia duka."

"Mjomba, hakuna kilichotupwa. Vyote viko ghalani."

"Watu watasema nimefilisika."

"Watasema umefagia," nikamwambia.

Akanikata jicho, akarudi kwenye simu. "Na huu mdomo ni wa nini? Mteja akibisha, mtu anafungua mlango, imeisha. Hapo chini ni pazuri, weka promo. Toa huo mdomo."

"Nitautoa tukishajaribu," Layla akasema kwa adabu, na mi nikajua hautoi.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Simu yenyewe ilikuwa na sauti yake, ya mashine, inasoma Kifaransa kupitia puani. Wanawake wa Itaba waliposikia waliizima. Layla akasema ukurasa unahitaji sauti ya mtu, mtu mzima, anayesema bila haraka. Akaniangalia. Nikamwambia aache utani. Hakuacha.

Tukafunga blanketi madirishani ili pikipiki za barabarani zisiingie. Mi nikaketi kitandani, Layla akanishikia simu karibu na kidevu. Nikasema "kikapu chako iko hapa." Nikasema "sema, mteja anakusikiliza." Nikasema "asante, tumemaliza," na hapohapo jogoo wa Athumani akawika. Tukarudia, akawika. Mara ya tatu Layla akachoka, akamwacha. Mpaka leo ukimaliza kuuza kwenye Soko Zima unasikia asante yangu na jogoo wa Athumani nyuma yangu.

"Sasa bibi, mteja akija simu itasema nini? Kabla ilikuwa inalia tiiti, tiiti."

"Mtu akija nyumbani kwako analia tiiti?"

"Hapana."

"Basi abishe hodi."

Akafurahi sana. Nikasema hodi, kama ninavyobisha kwa watu ninaowapenda. Nikamwambia, na hodi ni mara tatu. Hiyo ni adabu yetu, tangu madrasa tumefundishwa hivyo: unabisha mara tatu, usipojibiwa unarudi zako bila kununa. Akauliza asipojibiwa simu iseme nini. Nikasema, "Haya, narudi zangu, tutaonana." Akairekodi, pamoja na "alibisha", "ameondoka", na orodha ndefu ya majina ya wateja na miji yao. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Husni akatoa sharti lake. "Jumamosi nendeni Buhinyuza. Mchana nitatuma komande mi mwenyewe, saa ninayotaka. Layla, usiguse simu, usiseme neno, usikonyeze jicho. Mama Upendo akinijibu mwenyewe, Buhinyuza wanabaki na ukurasa wako unabaki. Asiponijibu, ninawafuta, na ninarudisha vitu vyangu vyote ukutani."

"Sawa, mjomba."

"Apa."

"Wallahi."

Ijumaa tukapata gari lenye mafuta, tukapitia Karuzi, tukalala Muyinga mjini kwa ndugu zetu. Asubuhi pikipiki zikatufikisha Buhinyuza. Kasilda alikuwa amesimama njiani, kiganja juu ya macho, na aliponisikia ninamlalamikia dereva juu ya mashimo akaanza kucheka kabla hajaniona.

Nyumba yao ni ndefu, yenye baraza mbele. Jiko limejitenga upande wa pili wa ua, na nyuma kuna migomba. Kwenye mabati kuna kibamba cha jua, na waya unaingia dirishani. Hapo dirishani ndipo simu inapochajiwa.

Layla akamfundisha asubuhi ile. Nami nikiwa nimeketi kando yake, mdomo nimeufunga. Simu ikasema hodi kwa sauti yangu.

Kasilda akanigeukia. "Umesema?"

"Mi sijasema. Ni yenyewe."

Akaweka kidole kwenye mlango wa buluu, mlango ukafunguka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Wamekutia ndani ya simu, Mama Husni. Sasa hutanyamaza hata ukilala." Akajaribu tena na tena. Mlango aliuona, kikapu alikiona. Mdomo akauliza ni wa nini, Layla akamweleza mara moja, wakapita. Nazario mumewe akaja kuangalia naye, jembe begani.

"Hiyo sauti inaweza kuzimwa?" akauliza.

"Inaweza, baba."

"Ya simu ninajua. Ninauliza ya huyu mgeni."

Mchana ukafika. Layla akaketi barazani kwenye kigoda, chini ya dirisha lenye simu, mikono ameikalia. Kasilda akaenda jikoni, maana huwa ananipikia kwenye sufuria ninayoijua, anaiweka kando kwa ajili yangu tangu tujuane. Nazario akamfuata akachochee moto wa maharage. Mi nikachukua birika nikatawadha, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatandika kitenge karibu na migomba, nikaingia kwenye swala ya alasiri.

Nilikuwa nimerukuu niliposikia mtu anabisha mbele ya nyumba.

"Hodi."

Nikajua ni mi.

"Karibu," Kasilda akaitikia toka jikoni. "Mlango uko wazi, ingia ukae."

Asubuhi nilikuwa kando yake, aliona mdomo wangu umefungwa, ndiyo akajua ni simu. Sasa haoni mdomo wa mtu. Anasikia tu rafiki yake mlangoni, na rafiki mlangoni anaitikiwa, hafunguliwi kwa kidole. Nikataka kupaza sauti. Lakini nilikuwa mbele ya Mungu, na kule hakuna kusema pembeni.

"Hodi," nikabisha tena kule mbele, kwa upole wote.

"Mama Husni, karibu bwana," Kasilda akasema. "Tangu lini unabisha hapa kama karani wa kodi? Pita."

Nikasikia Nazario: "Mke wangu, mgeni anabisha mara ya pili, wewe umekaa na mwiko."

"Si mgeni, ni Mama Husni."

"Mama Husni si mgeni?"

Nikasujudu. Paji la uso likiwa chini nikaanza kusikia kicheko kinapanda toka tumboni. Kicheko kinavunja swala. Nikauma mdomo. Na kule barazani nilijua mtoto wangu Layla amekaa chini ya ile simu, ameapa, hawezi kutikisa hata kope.

"Hodi," mara ya tatu.

"Ngoja, nakuja," Kasilda akasema, na nikasikia kandambili zake zinavuka ua. Zikafika barazani, zikasimama. "Layla, bibi yako yuko wapi? Si alikuwa anabisha hapa?"

Layla kimya.

"Mwanangu, unaumwa?"

Kimya. Kandambili zikazunguka nyumba, zikaja nyuma, zikasimama hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa ameniletea kigoda. Kasilda anajua adabu ya watu wa kwetu: mtu akiswali hasemeshwi. Akasimama na kigoda chake, ananingojea. Na wakati huo, mi nikiwa paji la uso kwenye kitenge, mbele ya macho yake, sauti yangu ikasema toka upande wa mbele wa nyumba:

"Haya, narudi zangu, tutaonana."

Kigoda kikaanguka.

"Ni simu," Kasilda akasema peke yake. "Ee Bwana. Ni simu, na mteja amerudi."

Nikamsikia anakimbia. Nilikuwa bado na rakaa, na sijawahi kuswali rakaa ngumu kama zile. Nilikuwa ninamwomba Mungu anisamehe na papo hapo ninamwomba rezo isikatike. Maana nililielewa vizuri lililotokea. Mtoto amefanya kazi yake yote sawasawa, mlango mkubwa, rangi nzito, na mi na adabu yangu ya hodi tatu nimewafungia njia wanawake wote wa Buhinyuza.

Nilipotoa salamu nikainuka na kitenge mkononi, nikaenda mbele. Nilichokiona ni hiki. Layla amefunika uso kwa viganja, machozi yanapita kwenye vidole, lakini hajasema neno. Nazario amesimama na mwiko wa maharage. Na Kasilda ameitoa simu dirishani, ameisogeza karibu na lile jicho lake lenye nafuu. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaugusa hata hivyo.

"Husni wa Gitega alibisha," sauti yangu ikamwambia. "Ameondoka."

"Ameondoka," Kasilda akasema. "Hajaenda mbali." Kidole chake kikateremka kwenye ule weupe, kikapita kikapu, kikafika kwenye mdomo. Hakuuliza mtu. Akabonyeza, akainua kichwa, akasema kwa sauti ile anayoitia mtu aliye upande wa pili wa bonde.

"Husni, mwanangu, ni mimi Kasilda wa Buhinyuza. Umebisha, nikakuitikia mara tatu, hukunisikia, nilikuwa jikoni. Nilidhani ni mama yako, na mama yako alikuwa anaswali. Mtu hafiki kwangu akarudi bila kukaa. Rudi. Vikapu vipo, vya kifuniko kirefu, vyeupe na vile vyenye mstari mweusi. Chakula kipo motoni, ila hicho hutakipata, uko mbali. Rudi, mwanangu."

Akaondoa kidole. Duara dogo likazunguka juu ya mdomo, likazunguka. Rezo ya Buhinyuza inatoka mlimani inapotaka. Nazario akanong'ona kwamba kwenye kichuguu kule inashika vizuri zaidi, nikamwonya kwa jicho, maana hata huo ni msaada. Sote tukakaa kimya na Layla. Kuku wakapita barazani. Maharage yakaanza kunuka kuungua, hakuna aliyeinuka.

"Hodi."

Kasilda alikuwa na simu mkononi kabisa, lakini kwanza akageuka akaniangalia mdomo. Nikaubana kwa vidole viwili ili auone vizuri. Ndipo akagusa mlango wa buluu.

Ukafunguka, na ndani yake ikatoka sauti ya Husni, anacheka. "Mama Upendo, nimerudi. Shikamoo. Hivyo vyenye mstari mweusi, iko vingi?"

"Marahaba. Viko," Kasilda akasema, na kidole kilikuwa kwenye mdomo kana kwamba kimezaliwa hapo. "Vinatosha harusi."

"Basi hiyo ndiyo ninataka. Raissa anaolewa baada ya mavuno."

Raissa ni binti wa Husni, mjukuu wangu mwingine, na hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba mahari imekubaliwa. Nilipiga kigelegele kimoja, cha kutosha, na Kasilda akaongeza chake. Kikapu kikajazwa, asante yangu ikasema, jogoo wa Athumani akawika, na jogoo wa Nazario akamjibu toka migombani.

Baadaye kidogo simu ya Layla ikalia. Husni. Akaweka sauti ya juu.

"Layla, uliapa. Sema ukweli, ulimwonyesha?"

"Mjomba, sikufungua mdomo. Nililia tu, na kulia hukunikataza."

"Mama?"

"Mi nilikuwa ninaswali."

"Nazario?"

"Mimi nilikuwa na maharage," Nazario akasema. "Sasa yameungua. Nani analipa?"

Kule Gitega nikasikia kidole kinagonga meza. Nilimjua mwanangu, alikuwa anapima. Kwa sharti lake, hodi tatu zilipita bila kujibiwa. Angeweza kusema Buhinyuza imeshindwa, na hakuna ambaye angembishia.

"Mi nilishafunga hesabu," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu hapa kwamba imeshindikana. Halafu nikasikia mtu ananiita jina. Dukani kwangu hapa, nani amewahi kumkimbilia mteja mpaka barabarani akamrudisha? Hata mi sijafanya." Akakohoa. "Huo mdomo, Layla. Uache."

"Ulisema niweke promo."

"Nimesema uache. Na huo weupe wako pia uache. Buhinyuza wanabaki. Lakini utepe wangu mwekundu nipatie mahali, hata padogo, hata ghalani."

"Ghalani iko nafasi, mjomba."

Layla akaweka simu chini, akamkumbatia Kasilda kiunoni kama mtoto anayetoka shule. Halafu akanigeukia, macho bado mekundu. "Bibi, nilikuwa ninakusikia unabisha na huku ninajua umesujudu. Nilidhani nitakufa." Akaanza kucheka, na kicheko kile nilichokizuia kwenye swala kikanitoka chote. Tulicheka mpaka Nazario akatuacha, akaenda kuokoa sufuria. Tulikula maharage yenye moshi, na hakuna aliyelalamika.

Layla alitaka kubadilisha hodi. Alisema ataweka kitu kingine, kengele labda, ili watu wasichanganyikiwe tena. Kasilda akakataa katakata. "Mwanangu, usimwondoe Mama Husni. Ila mfanye aseme ni nani aliye nyuma yake. Na asikate tamaa upesi." Ikawa hivyo. Sasa ninabisha hodi, kisha ninasema jina la mteja na mji wake, na ninangoja muda wa mtu kuvuka ua akitoka jikoni. Layla alivuka ule ua mwenyewe, taratibu, kwa kandambili za Kasilda, ili ajue ni muda gani.

Raissa aliolewa, na vikapu vyenye mstari mweusi viliongoza msafara. Kasilda amepasuliwa jicho moja, anangoja la pili. Anasema sasa anauona mlango wa buluu tangu akiwa jikoni, na kwamba mimi usoni nina mikunjo ambayo hakuna mtu aliyemwambia.

Juzi nilikwenda tena Muyinga. Wanawake wa vikapu wamepewa kibanda pembeni mwa soko, chenye pazia la kitenge mlangoni. Sijui wote kwa sura, wengi ni wapya, wa milima ya mbali. Nikafika pale na mfuko wangu, nikasimama nje ya pazia kama inavyotakiwa.

"Hodi," nikasema.

Ndani kukawa na purukushani. Nikafungua pazia kidogo. Wote walikuwa wameinama, wanapekua vitenge vyao, mmoja kifuani, mwingine kiunoni, mwingine anamwaga mkoba wote kwenye mkeka, na kila mmoja akaitoa simu yake na kuigusa kwa kidole. Milango ya buluu ikakaa pale imefungwa, hakuna mteja. Wakatazamana. Kisha mmoja akainua macho, akaniona nimesimama pale mlangoni.

"Ni yeye mwenyewe," akawaambia wenzake, na wakasogea kwenye mkeka kunipa nafasi.